SOMO: Kuhama kampuni ya bima ya gari kabla stika haijaisha, bila kubaki wazi hata siku moja

Mbukwenyi wakuu. Naandika hapa mara moja maana wiki hii peke yake nimeulizwa hili swali na watu sita, wengine inbox, mmoja kanisimamisha pale Sabasaba nanunua vitunguu. Nitakuwa nawaelekeza hapa. Nimemiliki gari miaka tisa hapa Dodoma, nimehama kampuni mara tatu, na mara moja niliumia, hiyo nitaieleza kwa urefu kwenye hatua ya 6, ukikosa muda soma hiyo tu.

Naongelea zaidi bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Bima ndogo, ile inayolipa tu hasara ya mtu uliyemgonga, ni rahisi, subiri iishe ukate kwingine, binafsi sioni sababu ya kuivunja katikati.

1. Jua bima yako inaisha lini. Ingia tiramis.tira.go.tz (TIRA MIS, mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima), weka namba ya gari, itakuonyesha. Usitegemee kumbukumbu.

2. Anza mwezi mmoja kabla. Siku tatu kabla umechelewa, utakubali chochote utakachoambiwa.

3. Amua kama unasubiri iishe au unaivunja katikati. Watu wengi wanadhani wakitumia miezi sita watarudishiwa nusu ya hela. Hapana. Ukivunja wewe mwenyewe, kampuni inatumia jedwali la muda mfupi, inabaki na hela zaidi ya siku ulizotumia. Kwenye hati yangu ya kwanza ilikuwa imeandikwa kabisa kwamba ukipita miezi nane hurudishiwi kitu. Na kama mwaka huo umeshadai fidia, sahau marejesho. Kwa hiyo fungua hati yako, siyo ile karatasi moja ya stika, namaanisha kitabu chenyewe cha masharti, tafuta sehemu ya kusitisha bima usome. Hujapewa? Kidai, ni haki yako umekilipia. Kama imebaki miezi miwili mitatu mara nyingi hesabu inakuambia tulia, andaa ya mpya ianze pale ya zamani inapoishia.

4. Omba barua ya historia ya madai kutoka kampuni ya zamani. Kama hujadai kitu miaka miwili mitatu hiyo barua ni hela, kampuni mpya inaweza kukupunguzia. Omba mapema na kwa maandishi, maana wakishajua unaondoka kasi ya kukuhudumia inashuka.

5. Linganisha bei, ila linganisha kitu kilekile. Mfano gari la milioni 15, mimi nilipigiwa asilimia 3.5 ambayo ni 525,000, ukiweka VAT ya 18% ni 94,500, jumla 619,500. Mwingine akakupigia 480,000 ukashangilia, kumbe kashusha thamani ya gari, siku likiteketea utalipwa kwa hiyo thamani ya chini na utakuwa hujaibiwa, ulisaini mwenyewe. Uliza ekses (hela unayochangia mwenyewe ukidai fidia) ni kiasi gani, kioo cha mbele wanalipa mpaka shilingi ngapi, mali ya mtu wa tatu, yaani uliyemgonga, mpaka shilingi ngapi, na kuvutwa na brekdauni wanalipa mpaka wapi. Hilo la kuvutwa sisi watu wa huku tuliulize kwa mkazo. Gari ikikufia Mtera au ukaibingirisha kule Gairo, kuileta mjini siyo hela ya kuokota.

Na sema ukweli wote. Gari inabeba watoto wa shule kwa malipo, sema. Mdogo wako ndiye anaiendesha kila siku, sema. Uligongwa mwaka juzi, sema. Ukificha leo unaipa kampuni sababu ya kukukatalia kesho.

6. TAREHE YA KUANZA. Hapa ndipo nilipoumia, naomba msome taratibu.

Nilikuwa nahama, bima ya zamani ilikuwa bado na miezi mitano. Nikaandika barua ya kusitisha nikaipeleka Ijumaa asubuhi, wakaipokea, wakasitisha siku hiyohiyo. Mchana nikalipa kampuni mpya, wakala akanitumia picha ya kava noti (karatasi ya kuonyesha umekatiwa bima) WhatsApp akaandika "tayari kiongozi, uko salama". Nikaangalia jina langu, namba ya gari, tarehe ya mwisho, nikaona mwaka mzima, nikafurahi. Tarehe ya kuanza sikuisoma. Ilikuwa Jumatatu, kwa sababu walitaka gari ikaguliwe na kupigwa picha kwanza na mkaguzi wao alikuwa Singida mpaka wikiendi iishe. Jumamosi nikamchukua mama tukaenda msibani Gairo. Tunarudi, pale Kibaigwa kwenye ule msongamano wa magari ya mahindi, breki ikachelewa nikamgonga jamaa mlango wa nyuma na taa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Trafiki akaingiza namba yangu kwenye mashine, gari haina bima. Mimi nikamuonyesha picha ya WhatsApp kwa kujiamini kabisa, akaisoma akanionyesha na kidole, "mzee hii inaanza keshokutwa".

Nikalipa faini ya barabarani, halafu nikamlipa jamaa 640,000 mfukoni, ya kwangu nikatengeneza kwa miezi miwili kidogo kidogo. Mama alikaa kwenye kivuli cha duka masaa manne na presha yake. Ndiyo maana nikiona mtu anauliza hili jambo kirahisi rahisi nakuwa mkali.

Kwa hiyo:
– USIPELEKE barua ya kusitisha kabla ya mpya kuwa hai. Hai kwenye mfumo, siyo hai kwa maneno ya wakala.
– Soma tarehe NA SAA ya kuanza. Kama ya zamani inaisha tarehe 14 saa 5:59 usiku, mpya ianze usiku huohuo saa 6:00, yaani tarehe 15 inapoingia. Siyo tarehe 15 saa 4 asubuhi wakifungua ofisi. Hayo masaa kumi ukigonga ni ya kwako.
– Ukaguzi wa gari ufanyike KABLA hujagusa bima ya zamani.
– Ukiambiwa "itasoma tu kwenye mfumo baadaye", gari ibaki nyumbani mpaka isome. Panda bajaji.

7. Lipa kwa kontrol namba au akaunti ya kampuni. Namba binafsi ya wakala hapana, hata kama ni shemeji yako. Hakuna malipo hakuna bima, na kama hela imekwama kwa wakala, wewe machoni pa kampuni hujalipa.

8. Ingia tena TIRA MIS mwenyewe. Linganisha na kadi ya gari: namba, chasisi, jina, aina ya bima, matumizi (binafsi au biashara), kuanza na kuisha. Piga skrinshoti.

9. Sasa ndiyo peleka barua ya kusitisha ya zamani. Nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bima mbili zikigongana siku moja mbili siyo tatizo kubwa kama pengo la siku moja.

Ukiuza gari: bima haimfuati mnunuzi yenyewe eti kwa sababu stika bado inasoma. Ule ni mkataba wa mtu na kampuni. Toa taarifa kwa maandishi, ama uisitishe ama uihamishie gari jipya ulilonunua (wanarekebisha hati, unalipa au kurudishiwa tofauti).

Karibuni maswali.

MASWALI

Kijana wa Nzuguni: Mkuu bima yangu inaisha lini? T ... DKX

Jibu: Hatua ya 1. Na futa namba ya gari yako hapa.

Bosi wa Area C: somo refu, nipe tu namba ya wakala wa bei chee

Jibu: Sitoi namba za mawakala. Hatua ya 5 nimeeleza bei chee inapatikanaje. Isome.

Mama Ntyuka: Shikamoo kaka, asante kwa kutufungua macho. Mimi nimenunua Ist kwa mwalimu mmoja, ina bima kubwa imebaki miezi saba, kaniambia "dada tembelea tu hiyo, nimekuachia". Kadi bado ina jina lake, tunahamisha TRA wiki ijayo. Je niko salama kuendesha?

Jibu: Marahaba dada yangu, umeuliza vizuri. Trafiki atakayepiga namba ataona bima ipo, kwa hiyo barabarani unaweza usisumbuliwe miezi yote saba. Tatizo linaanza siku ya ajali. Kampuni itauliza gari ni la nani, mwalimu kashauza hana tena hasara kwenye hilo gari, na wewe hawakujui. Hapo ndipo unaweza kukosa fidia ya gari lako. Fanya hivi: nendeni wote wawili ofisi ya hiyo kampuni na mkataba wa mauziano, ombeni bima ihamie kwa jina lako kwa hiyo miezi saba. Kampuni ina haki ya kukubali au kukataa, au kukuongezea bei. Wakikubali, hakikisha unapewa karatasi ya marekebisho yenye jina lako. Wakikataa, mwalimu asitishe achukue marejesho yake kama yapo, wewe ukate yako. Na mpaka hilo likamilike ningekuwa wewe ningeipaki. Pia lile punguzo la kutodai la hatua ya 4 ni la mwalimu, halihami na gari, ataenda nalo kwenye gari lake lingine.

Mama Ntyuka: Asante sana kaka. Tunaenda kesho asubuhi.

Mzoefu wa Kizota: Mimi nimebadili kampuni mara nne sijawahi kukutana na hayo unayosema. Unatisha watu bure. Wakala wangu anamaliza kila kitu kwa simu dakika kumi.

Jibu: Sijasema mawakala wote ni wabaya, wangu wa sasa ni mama mmoja makini kuliko mimi. Nimesema soma tarehe ya kuanza. Hiyo inakutisha nini? Mara nne hukugonga mtu ndani ya pengo, mshukuru Mungu, ila hujathibitisha kwamba pengo halikuwepo. Mimi nilililipia 640,000.

Mtumishi wa Mtumba: Kiongozi, gari yangu ni ya mkopo wa benki. Naweza kuhama?

Jibu: Unaweza, ila siyo peke yako. Angalia hati yako, jina la benki limo kama mwenye maslahi, likitokea la kutokea benki inalipwa kwanza. Kwa hiyo anzia benki, waombe barua ya kuridhia, wengine watakutaka ubaki kwenye kampuni wanazozikubali. Hati mpya nayo iwe na jina la benki. Na usishuke kwenda bima ndogo, mkataba wa mkopo kwa kawaida unadai bima kubwa, wakigundua wanakukatia wao na kukuwekea kwenye deni.

Mtumishi wa Mtumba: Nimeelewa. Kumbe ndiyo maana mwaka jana nilikatwa hela sikuijua.

Jibu: Omba maelezo ya hilo kato kwa maandishi mkuu, usiliache.

Dereva wa Kondoa: Nyongeza kidogo. Kioo cha mbele. Njia zetu mawe yanaruka, mimi nimebadilisha viwili. Kabla ya kukata bima mpya piga picha gari pande zote nne, kioo, na dashbodi ikionyesha kilomita, siku hiyohiyo. Mwaka jana waliniambia ufa ulikuwepo toka zamani, nikawaonyesha picha, wakalipa.

Jibu: Hii ni nzuri sana kaka, watu waichukue.

Mfanyabiashara wa zabibu, Hombolo: Nikienda Zambia kupitia Iringa na Tunduma hii bima yangu inafanya kazi kule?

Jibu: Stika ya hapa peke yake haikutoshi. Omba kampuni yako ikukatie Yellow Card ya COMESA, Tanzania tupo kwenye huo mpango, inakulinda kwa madai ya watu wengine nchi utakayoingia. Gari lako mwenyewe likiharibika huko ni jambo jingine, uliza kama hati yako kubwa inavuka mpaka au inabidi waiongeze. Ikate hapahapa kabla ya safari. Na ukiwa katikati ya kuhama kampuni, maliza kwanza kuhama.

Kijana wa Nzuguni: samahani mkuu niliuliza haraka. Nimeingia nikaangalia. Inaisha tarehe 28. Ila nimelinganisha na kadi kama ulivyosema hatua ya 8, chasisi kwenye mfumo ina 8 mahali ambapo kadi ina 3. Ina shida?

Jibu: Ina shida mdogo wangu, na umefanya vizuri kuangalia. Chasisi isipofanana siku ya kudai wanaweza kusema hilo siyo gari walilolikatia bima. Kesho mapema beba kadi original na skrinshoti, nenda kampuni yako warekebishe, usisubiri 28 kwa kuwa unahama. Barua ya historia ya madai nayo waitoe ikiwa na chasisi sahihi. Wakikuzungusha, TIRA wapo hapahapa Dodoma, nenda na malalamiko ya maandishi.

Kijana wa Nzuguni: Leo Alhamisi, naweza kwenda Jumatatu? Kesho niko Bahi na gari.

Jibu: Bahi nenda na basi.