Jinsi ya kutengeneza distro yako ya Linux ya desktopu kwa pakeji za Debian

Wakuu, watu wengi wakisikia fulani katengeneza Linux yake wanadhani kakaa miaka anaandika kodi ya kila kitu kuanzia kerneli (kiini cha mfumo) mpaka kitufe cha kuzima. Hapana bana. Distro (yaani Linux iliyofungwa pamoja na programu zake, tayari kutumika) nyingi mnazozijua zimekaa juu ya nyingine, Ubuntu ilipoanza 2004 ilichukua Debian, Mint ikaja ikachukua Ubuntu, na Debian yenyewe tangu Ian Murdock aitangaze Agosti 1993 kazi yake kubwa ni kukusanya programu huria za watu wengine, kuzifunga kwenye pakeji na kuhakikisha zinakaa pamoja bila kugombana. Kwahiyo na wewe kazi yako ni kuchagua na kupanga. Ila kabla hatujagusa terminali shika hili: badilisha vichache. Pakeji ukiichukua kama ilivyo, mianya yake ya usalama inazibwa na watu wa Debian, ukiichokonoa mwenyewe basi kila apdeti inakuwa mzigo wako.

Pakeji yenyewe haina maajabu. Faili la .deb ukilifungua unakuta vitu vitatu, debian-binary inayotaja toleo la muundo, control.tar yenye maelezo, na data.tar yenye mafaili yanayoenda kukaa /usr na kwingineko. Kwenye maelezo kuna mstari wa Depends, huo ndo unaomwambia apt, chombo cha Debian cha kuinstoli pakeji, kwamba programu hii haiendi bila maktaba fulani, na kuna Recommends, yaani sio lazima ila ikiwepo ni vizuri. Debian 12 ya 2023 ilikuwa na pakeji zaidi ya 64,000, hakuna binadamu anayeweza kukariri nani anamtegemea nani, apt ndo anapiga hiyo hesabu.

Sasa kazi. Tafuta mashine yenye Debian 13 (trixie), usitumie Ubuntu kwa hili maana live-build yake (chombo tutakachojengea distro) ina tofauti zitakazokupotezea muda. Acha nafasi ya kama GB 20 kwenye diski, na bando liwe la kueleweka.

sudo apt install live-build apt-cacher-ng
mkdir distro && cd distro
lb config --distribution trixie --archive-areas "main contrib non-free-firmware" --apt-http-proxy http://localhost:3142

Hiyo apt-cacher-ng wengi wanaikwepa lakini kwa sisi wa kununua bando naona ni lazima, pakeji ikishashuka mara moja inabaki kwenye mashine, ukirudia kujenga haishushwi tena. Na hiyo non-free-firmware usiitoe, laptopu nyingi wifi yake haiwaki bila fimweya (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya Intel au Realtek, na mtu akiwasha distro yako akakosa wifi hakuulizi chochote, anafuta.

Alafu orodha ya pakeji. Tengeneza faili config/package-lists/desktop.list.chroot, jina la mbele ni lako ila hiyo .list.chroot ya nyuma lazima iwepo. Ndani andika majina:

task-xfce-desktop
firefox-esr
vlc
firmware-iwlwifi
firmware-realtek
calamares
calamares-settings-debian

Nimeweka Xfce, ndo desktopu yenyewe, kwasababu inakimbia hata kwenye mashine za zamani zilizojaa mitaani kwetu. Calamares ndo instola, bila hiyo mtu ataishia kuitumia distro kwenye flashi tu. Ukikosea herufi moja kwenye jina ujenzi unakatika na apt anakwambia Unable to locate package, kwahiyo hakiki kwanza kwa apt search. Kuna wanaotaka ISO (lile faili moja lenye distro nzima) iwe nyepesi wanaongeza --apt-recommends false, sikatai, ila ukifanya hivo ongeza user-setup na sudo kwenye orodha la sivyo yule yuza wa live (anayetumika distro ikiwashwa kwenye flashi bila kuinstoliwa) hatengenezwi, na ujiandae kukuta vitu kibao ulivyodhani vinakuja vyenyewe havipo.

Muonekano sasa, hapa ndo distro inakuwa yako. Chochote ukiweka ndani ya config/includes.chroot kinanakiliwa kwenye mfumo kwa njia ileile, yaani picha ya ukutani ukiiweka config/includes.chroot/usr/share/backgrounds utaikuta /usr/share/backgrounds. Setingi za Xfce zipange kwanza kwenye mashine yako vile unavopenda, afu chukua folda la ~/.config/xfce4 uliweke config/includes.chroot/etc/skel/.config, kila yuza mpya ataanza nazo. Una .deb uliyojenga mwenyewe? itupe config/packages.chroot. Skripti za kurekebisha hiki na kile zinaenda config/hooks/normal, jina liishie na .hook.chroot.

Ukimaliza:

sudo lb build 2>&1 | tee kumbukumbu.txt

Nenda kanywe chai. Inajenga mfumo mdogo kwanza, inaingia ndani yake kuweka pakeji zako, mwisho inabana kila kitu kwenye squashfs (faili moja lililobanwa) na kutoa live-image-amd64.hybrid.iso. Ikikwama soma mistari ya mwisho ya kumbukumbu.txt, rekebisha, piga sudo lb clean, anza tena. Usikimbilie flashi, jaribu kwanza kwenye kompyuta ya kuigiza:

qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -cdrom live-image-amd64.hybrid.iso

Ukiridhika ndo uiandike ISO kwenye flashi kwa amri ya dd, na uangalie lsblk (inaorodhesha diski zako) vizuri kabla ya kubonyeza enta, dd haiulizi mara mbili na diski yako nzima inaweza kwenda.

Ukitaka kugawa kwa watu kuna mambo mawili. Jina na nembo ni mali za watu hata kama kodi ni huria, Debian wenyewe kuanzia 2006 mpaka 2016 walikuwa wanaiita Firefox Iceweasel kwa mvutano wa nembo na Mozilla, kwahiyo distro yako ipe jina lake. La pili ni GPL, leseni ya programu nyingi huria, ukimpa mtu programu iliyojengwa una wajibu wa kumwezesha kupata sosi kodi yake, na live-build inakusaidia, ongeza --source true kwenye lb config itakutolea na sosi za pakeji zote. Weka na sha256sum pembeni ya ISO ili mtu ahakikishe alichoshusha hakijaharibika njiani.

Apdeti za kila siku waliokwisha instoli watazipata moja kwa moja kutoka Debian kupitia apt, huna cha kufanya, isipokuwa kwa zile .deb ulizojenga mwenyewe. ISO ndo inazeeka, kwahiyo kila Debian wakitoa toleo dogo la 13 piga lb clean, jenga upya, ijaribu tena kwenye qemu, pandisha.