Kumwaga jamvi Dodoma wakati wa upepo

Nasimamia kazi za zege huku Nala na Ihumwa. Majamvi mengi, yaani sakafu za zege za chini ya nyumba, yenye nyufa ninayoitwa kuyatazama yana ugonjwa mmoja, maji: vijana waliyazidisha kwenye kukoroga, mwenye nyumba akayabania baada ya kumwaga.

Pima kwa ndoo ya lita 20, si kwa koleo; koleo la asubuhi na la saa saba mchana halibebi sawa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Hiyo ndiyo 1:2:4: saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne, mfuko ukihesabiwa ndoo moja na robo tatu. Mchanga wa korongoni ufikiche kiganjani kwanza. Ukiacha tope, mwambie dereva ageuze lori. Koroga vikavu mpaka rangi iwe moja, tena juu ya sakafu ngumu au bati, si ardhini. Halafu tia ndoo moja ya maji, uongeze kidogo kidogo. Usivuke lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa mbichi punguza. Donge la mkononi lisimame bila kuchuruzika. Vijana watalalamika zege ni zito. Ni zito kweli, washike koleo. Maji ya ziada yakishatoka huacha vitundu, na nguvu hupotea hapo.

Kuanzia Juni hadi Oktoba anza kazi alfajiri, kabla upepo haujachachamaa. Kifusi kilichoshindiliwa kiloweshe bila kuacha dimbwi, umwage unene wa inchi nne, ushindilie vizuri pembeni. Zege lililokaa saa nzima juani usilifufue kwa maji. Litupe.

Sasa kazi ambayo wengi huiruka. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaungana na maji, na maji yakiisha mapema nguvu inakomea hapo. Jamvi likikataa alama ya kidole, lifunike kwa magunia yaliyolowa au lizungushie kingo za udongo ulijaze maji. Kumwagilia asubuhi na jioni tu, kwa jua letu hili, hakutoshi: magunia yasikauke hata mchana, kwa siku saba kamili. Tofali zisubiri nje wiki hiyo.

Boza la kumwagilia lilipie siku unayonunua saruji. Ukingoja mpaka zege limwagwe, hela itakuwa imeshaingia kwenye mbao za lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.