Jinsi ya Kuihoji Bajeti ya Serikali Bungeni

Usianze na hotuba ya waziri. Anza na vitabu vya makadirio, kwa kuwa ahadi husemwa kwenye hotuba lakini fedha huandikwa kwenye mafungu, yaani sehemu za bajeti zilizotengewa matumizi maalumu. Chagua fungu moja, tuseme la dawa, kisha panga tarakimu tatu kwenye mstari mmoja: kiasi kilichoidhinishwa na Bunge mwaka uliopita, kiasi kilichotolewa na Hazina, na kiasi kilichotumika. Ikiwa ziliidhinishwa bilioni 10 na zikatolewa 4, muulize waziri kwa nini 6 hazikutoka na ni huduma gani zilizokwama, tena umtake ajibu kwa maandishi.

Pima pia makisio ya ukuaji wa uchumi: yakitiwa chumvi, makisio ya mapato nayo huvimba, na pengo huja kuzibwa kwa mikopo. Bajeti ya nyongeza, ile inayoletwa baada ya bajeti kuu kupitishwa, isomwe kwa makini yaleyale, maana humo fedha za huduma zinaweza kuhamishwa kimyakimya, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko nakisi yenyewe, yaani matumizi kuzidi mapato.

Mwaka ukishafungwa, ripoti ya mkaguzi mkuu hufika kwenye kamati ya Bunge ya hesabu za serikali; Uingereza iliunda ya kwake mwaka 1861. Hapo waite maafisa masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kwa matumizi ya fedha za wizara na idara, nao waje na hati za malipo.