Kuchunguza dalili ya sulfidi za shaba, risasi na zinki: toka jiwe la kutu hadi shimo la kwanza la kuchoronga

Mwamba wenye sulfidi, yaani madini ambayo metali imeungana na salfa, ukikutana na hewa na maji ya mvua huoza. Pairiti (sulfidi ya chuma) iliyomo hutoa asidi ya sulfuriki, asidi hiyo huyeyusha metali, na kila metali hushika njia yake: zinki huondoka na maji, shaba huzama chini, risasi hubaki karibu palepale ilipokuwa. Unachokiokota juu ya ardhi ni masalia tu. Kazi nzima ya utafutaji ni kujua pamebaki nini na kilichoondoka kimekwenda wapi. Asiyelizingatia hilo hutelekeza eneo zuri kwa sababu zinki imesoma kidogo, au humaliza fedha akifuata jiwe la kijani lisilo na kitu chini yake.

Kabla ya yote, uwe na leseni ya utafutaji na ridhaa ya wenye ardhi. Vifaa vya siku za kwanza ni vichache: nyundo ya jiolojia, miwani ya kukinga macho, lenzi inayokuza mara 10, kisu, sumaku, kipande cha kigae (tumia upande wa nyuma usiong'aa), chupa ndogo ya asidi hidrokloriki ya asilimia 10, dira yenye kipima mwinamo, GPS na mifuko imara.

Kutambua madini

Vunja jiwe na uangalie uso mpya. Uso wa zamani hudanganya. Galena, sulfidi ya risasi, hujitangaza yenyewe: nzito kuliko unavyotarajia (uzito wake ni takriban mara 7.5 ya maji), rangi ya kijivu inayong'aa, na kila ukiigonga huvunjika vijisanduku vya pembe mraba, hata chembe ndogo kabisa chini ya lenzi.

Kalkopairiti (sulfidi ya shaba na chuma) na pairiti huchanganywa mno. Chukua kisu: kalkopairiti hukwaruzika kirahisi, pairiti haikwaruziki. Kwenye kigae zote huacha unga mweusi wenye ukijani, hivyo rangi ya unga haitakusaidia. Ugumu ndio unaoamua. Pirotaiti, sulfidi nyingine ya chuma, ina rangi ya shaba iliyofifia na mara nyingi huvuta sumaku. Ukiikuta nyingi kwenye miamba mizito na myeusi iliyoganda kutoka magma kina chini ya ardhi, agiza nikeli ipimwe pia.

Sfaleriti, sulfidi ya zinki, ndiyo inayopitwa na watu wengi, kwa kuwa haifanani na madini ya metali. Inaweza kuwa ya njano ya asali, ya kahawia au nyeusi kabisa, kadiri chuma kinavyoongezeka ndani yake. Isugue kwenye kigae: hata ile nyeusi hutoa unga hafifu wa njano au kahawia. Dondoshea unga huo tone moja la asidi. Ikitoka harufu ya yai bovu, hiyo ni sfaleriti. Tone moja latosha, na ufanye hivyo mahali pa wazi, maana gesi hiyo ni sumu.

Malakiti, lile jiwe la kijani, huwavutia watu kupita kiasi. Shaba kidogo tu yatosha kupaka rangi ukuta mzima wa mwamba, na huenda imesafiri kwenye nyufa kutoka mbali. Iandike kwenye ramani, ila usiipe nafasi ya mtambo wa kuchoronga kwa sababu ya rangi peke yake.

Gosani: kofia ya kutu

Juu ya sulfidi nyingi hubaki kofia ya oksidi za chuma inayoitwa gosani. Ugumu ni kuitofautisha na mawe ya kawaida ya laterita. Laterita hufuata uso wa ardhi, hutanda kama blanketi na aghalabu ina vijiwe vya duara. Gosani hufuata mwelekeo wa miamba na kushuka nayo chini. Kwenye lenzi, tafuta vyumba vidogo vyenye kuta nyembamba za silika (madini ya mchanga mweupe) au chuma: ni nafasi zilizoachwa na sulfidi zilipoyeyuka, na umbo lake wakati mwingine huonyesha ni madini gani yaliyokuwamo.

Chukua kilo 3 hadi 5 kwa kila sampuli, vipande vingi kutoka upana wote wa gosani, badala ya kuchagua jiwe moja zuri. Maabara ipime shaba, risasi, zinki, fedha, aseniki, antimoni, bismuthi, bariamu na manganizi. Risasi, aseniki na antimoni ndizo huvumilia kubaki, kwa hiyo zisomeke kwanza. Zinki ikiwa ndogo kwenye gosani si ushahidi kwamba chini hakuna zinki. Mwaka 1883 Charles Rasp alichukua sampuli za mwamba mweusi wa Broken Hill, Australia, akidhani ni madini ya bati. Chini yake kulikuwa na mojawapo ya mikusanyiko mikubwa zaidi duniani ya risasi, zinki na fedha.

Chora ramani ya eneo kwa kipimo cha 1:1000, au 1:500 mwamba ukiwa umejitokeza vizuri. Andika aina ya mwamba, mwelekeo, mwinamo, mipasuko, na mahali ambapo mwamba umebadilika kuwa na madini ya silika, kloriti, serisiti au dolomaiti, kwani ukanda huo wa mabadiliko huwa mpana kuliko madini yenyewe. Karibu na pirotaiti au magnetiti sindano ya dira hupotoka. Pima mwelekeo kwa kuunganisha pointi mbili za GPS zilizo mbali.

Udongo

Hapa ndipo pesa kidogo huzaa habari nyingi, na ndipo uzembe huharibu kila kitu. Panga mistari inayokata mwelekeo wa miamba, mita 100 toka mstari hadi mstari, na sampuli kila mita 25. Kama unatafuta mshipa mwembamba, punguza hadi mita 10. Chimba ukipita udongo mweusi wenye mizizi hadi tabaka la chini lenye mfinyanzi na rangi ya kutu, kwa kawaida sentimita 20 hadi 50. Usikubali sampuli moja itoke tabaka la juu na nyingine la chini. Ramani yako itaonyesha tofauti za kina, si za madini. Kausha gramu 300 hadi 500, kisha chekecha upate chembe zilizo chini ya maikroni 180.

Metali unazozitafuta ziko kila mahali kwenye vifaa. Ndoo iliyopakwa zinki, chekeche la shaba nyeupe (ambayo ni shaba na zinki), koleo lenye rangi ya zamani na pete ya mchukua sampuli, vyote huchafua. Tumia plastiki, nailoni au chuma kisichoshika kutu. Kaa mbali na ua wa waya, barabara, vifusi vya machimbo ya zamani, na mashamba yaliyopulizwa dawa ya kuvu yenye shaba. Katika kila sampuli 20 ingiza moja ya marudio, moja ya kiwango kinachojulikana na moja tupu, zikiwa na namba za kawaida ili maabara isizitambue.

Ukipokea majibu, usiweke kizingiti kimoja (kiwango cha kuita usomaji kuwa mkubwa) kwa eneo zima. Udongo juu ya basalti una shaba nyingi kwa asili, na juu ya shale nyeusi (mwamba wa tope lililogandamana) zinki hupanda bila kuwapo mkusanyiko wowote. Linganisha basalti na basalti, shale na shale. Halafu tazama mteremko: kilele cha risasi kikiwa juu na cha zinki kikiwa chini bondeni, fuata risasi kwanza. Zinki inayopanda sambamba na manganizi huenda imenaswa tu na oksidi za manganizi. Na kama eneo limefunikwa na mchanga au tope lililoletwa na mto, ukimya wa udongo hauna maana yoyote.

Kipima madini cha mkononi cha eksirei husaidia kupanga sampuli za kesho, ila udongo ukiwa na maji hupunguza usomaji, na miale ya risasi na aseniki hugongana, hivyo aseniki kwenye jiwe lenye risasi nyingi isiaminike hadi maabara iseme.

Vipimo vya kijiofizikia vifuate baada ya hapo. Njia ya sumakuumeme huona sulfidi nzito zilizoungana zinazopitisha umeme, lakini sfaleriti haipitishi vizuri, na mwili wa madini uliojaa zinki waweza kupitwa. Uchajishaji wa mwamba, yaani kupima jinsi mwamba unavyoshika chaji ya umeme, hufaa zaidi kwa sulfidi zilizotawanyika. Grafaiti huitikia njia zote mbili kwa nguvu, kwa hiyo kama kuna shale yenye grafaiti, hitaji udongo nao useme jambo hilohilo kabla ya kuamini.

Mtaro

Chimba mtaro ukikata mwelekeo wa madini hadi mwamba mgumu. Usiingie mtaro wenye kina kupita kiuno bila kuegemeza kuta au kuzikata kwa ngazi, na udongo uliochimbwa uuweke mbali na ukingo. Osha sakafu, kisha kata mfereji wa sampuli wenye upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 3. Mita moja itatoa takriban kilo 4.5 kwenye mwamba wenye uzito mara 3 ya maji. Ukipata kilo 2, mkataji ameruka sehemu ngumu; arudie. Kata sampuli kufuata mipaka ya miamba, hata kama urefu hautakuwa sawa.

Urefu usipokuwa sawa, wastani wa kawaida hudanganya. Sentimita 60 za zinki asilimia 8 na sentimita 140 za asilimia 2 hazina wastani wa 5. Zidisha kila kiwango kwa urefu wake, jumlisha, gawa kwa mita 2: ni asilimia 3.8.

Shimo la kwanza

Lenga chini ya sehemu iliyooza, kwenye sulfidi mbichi. Tuseme mwili wa madini unainama digrii 70 toka usawa wa ardhi kuelekea mashariki na unataka kuukata kwenye kina cha mita 60. Weka mtambo mashariki, choronga kuelekea magharibi kwa digrii 60 toka usawa wa ardhi. Kwenye kina hicho mwili umesogea mashariki mita 60 ÷ tan 70, karibu 22, na shimo limesogea magharibi mita 60 ÷ tan 60, karibu 35. Mtambo usimame mita 57 mashariki ya mwamba uliojitokeza, na ardhi iwe tambarare. Kwenye mlima rekebisha. Utagonga mwili kwenye mita 69 za shimo. Panga kufika mita 95 hivi, kwa sababu makadirio ya mwinamo hukosea na ukanda wa mabadiliko ulio chini ya mwili nao una habari.

Shimo hilo hukata mwili kwa digrii 50, kwa hiyo mita 4 za mchi wa mwamba (kipande cha mviringo kinachotolewa shimoni) ni unene halisi wa mita 3.1. Ungechoronga toka magharibi kwa digrii 60, pembe ingekuwa digrii 10 tu, na mwili wa mita 3 ungeonekana una mita 17. Taarifa za namna hiyo huvunja miradi baadaye.

Pima urefu wa mchi uliopatikana dhidi ya urefu uliochorongwa kila mara mchi unapotolewa shimoni. Sulfidi laini kwenye mipasuko husombwa na maji ya mtambo, na kilichobaki ni mwamba mgumu usio na kitu, au kinyume chake. Pale ambapo upatikanaji umeshuka sana, usikokotoe wastani kana kwamba mchi upo wote. Kata mchi katikati kwa msumeno, nusu iende maabara, nusu ibaki kwenye sanduku. Iombe maabara irudie kwa njia ya viwango vya juu sampuli zote zinazozidi asilimia 1, kwani kipimo cha kawaida cha dalili huishia karibu na hapo. Pima pia uzito wa kila kipande kikiwa hewani na kikiwa majini kabla hakijapelekwa: mita ya galena ina tani nyingi kuliko mita ya mwamba wenye sulfidi chache. Fanya hivyo mapema, kwa sababu mchi wenye pirotaiti ukiachwa kwenye unyevu huanza kuoza na kumomonyoka sandukuni.