Jinsi ya kuchagua matabaka ya mikono ya upinde wa mbao

Kila ninapoulizwa mti gani unafaa kwa upinde wa matabaka, yaani ule ambao mikono yake, nusu mbili zinazopinda, huundwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja, nami huuliza: tabaka hilo litakaa wapi? Mgongoni, upande unaotazama shabaha, mbao huvutwa. Tumboni, upande unaomtazama mpigaji, hubanwa. Kazi hizo ni mbili tofauti, na mti unaoimudu moja huweza kushindwa nyingine.

Anza na mgongo, maana huo ukikatika upinde umekwisha. Mimi huchagua hikori, mti mgumu wa Amerika, au mwanzi. Hata hivyo, jina la mti halinitoshi mpaka nizione nyuzi zake. Chukua sindano, ichomeke kidogo juu ya ubao kisha uivute bila kuilazimisha. Yenyewe itafuata nyuzi. Ikitokea ubavuni kabla hujafika mwisho wa ubao, huo si wa mgongo, hata uwe na rangi ya kupendeza vipi. Ukiwa na shaka, dondosha wino uone unatambaa kuelekea wapi. Na fundo mgongoni silikubali, liwe dogo kama punje ya mtama.

Mwanzi una namna yake. Nyuzi zake zimesongamana karibu na ganda la nje, kwa hiyo punguza upande wa ndani tu. Ganda usilipige randa; kwenye maungio ya pingili pitisha msasa kwa mkono mwepesi, basi.

Tumbo ndilo linalopuuzwa, na hapo ndipo pinde nyingi huharibika kimyakimya. Mbao kwa kawaida huhimili kuvutwa kuliko kubanwa, kwa hiyo weka huko mti mgumu na mzito: ipe, au oseji ukiipata, yote miti ya Amerika. Ukibandika mwanzi mnene juu ya mti laini, mgongo utalizidi nguvu tumbo. Utaona mistari myembamba ya mikunjo imekatiza tumbo, na ukitoa upote, yaani uzi wa upinde, mikono inabaki imeinama. Dawa ni kuupunguza mwanzi unene, au kuuchonga mgongo uwe mwembamba kwa upana kuliko tumbo.

Tabaka la katikati halivutwi wala kubanwa sana, lakini ndilo linalobeba nguvu ya matabaka yanayotaka kuteleza moja juu ya jingine. Mti mwepesi, mkavu, usio na ufa unatosha. Sioni sababu ya kutumia mbao ya gharama mahali hapo, labda kwa urembo.

Kwenye unene, kuwa mchoyo wa makosa. Ukiongeza upana kwa asilimia 10, ukakamavu nao huongezeka kwa asilimia 10. Ukiongeza unene kwa kiasi hicho hicho, huongezeka kwa takriban asilimia 33. Ndiyo maana tofauti ya milimita 1 kati ya mkono wa juu na wa chini si ya kufumbia macho. Pasua matabaka ya mikono yote miwili kutoka ubao mmoja, yaliyofuatana, uyatie namba kwa penseli. Kisha laza kila moja juu ya vigingi viwili, tundika uzito uleule katikati, upime limebonyea kiasi gani. Yanayolingana ndiyo jozi.

Kabla ya gundi, yabane yakiwa makavu kwenye kalibu, ile fomu inayoupa upinde umbo. Ukiona mwanga unapenya kati ya tabaka na tabaka, rudi kwenye randa. Kukaza kleme zaidi hakuzibi pengo hilo, na gundi ya epoksi ikikamuliwa yote haishiki.