Kupunguza foleni ya viraka bila kugawa funguo za mradi

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia rafiki anayetunza maktaba ndogo ya Python ya kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Ni programu huria, anaifanya jioni akitoka kazini, bila malipo. Viraka (mabadiliko ya msimbo yanayoletwa na wachangiaji, GitHub inaviita pull request) vimemlundikia, na kuna mchangiaji mmoja mwenye bidii anayemwambia kila mara, "Nipe ruhusa ya kuandika nikupunguzie mzigo." Akaniuliza, nimpe? Nikamwambia bado, na foleni itapungua hata asipompa.

Nachukulia Git unaijua na mradi wako uko GitHub.

Hatua ya 1: Pepeta

Anza na kiraka cha zamani kuliko vyote. Kikigongana na tawi kuu, mwombe mwenyewe akirekebishe. Akikaa kimya kupita muda uliomtajia, kifunge kwa shukrani na umwambie ana ruhusa ya kukifungua tena. Fanya kwa mkono wako. Zile roboti za kufunga kila kilicholala sizipendi hata kidogo, maana mara nyingi zinamfungia mlango mtu aliyekuwa akikungoja wewe.

Hatua ya 2: Ijulikane nani anamngoja nani

Hapa naiga PostgreSQL, mradi huria wa hifadhidata. Tangu 2008 wana vipindi vya kuhakiki viraka, wanaviita Commitfest, na kila kiraka kina hali yake: kinangoja mhakiki, kinamngoja mwandishi, au kiko tayari kwa mwenye ruhusa ya kukiingiza. Mradi mdogo unatoshwa na lebo hizo tatu.

Kwa rafiki yangu kulikuwa na kiraka kuhusu namba 2,500: iandikwe "elfu mbili mia tano" au "elfu mbili na mia tano"? Mtunzaji alidhani mwandishi bado anarekebisha, mwandishi naye alidhani mtunzaji bado anafikiri. Lebo ilipobandikwa, mjadala uliisha siku hiyohiyo.

PostgreSQL wana desturi nyingine: anayeleta kiraka anatarajiwa kuhakiki cha mwenzake chenye uzito unaokaribiana. Iandike kwenye CONTRIBUTING, faili la maelekezo kwa wachangiaji. Nazi haivunji nazi, lakini wachangiaji wapya wawili wakisomeana kazi watakuondolea makosa mengi kabla hujafungua chochote.

Hatua ya 3: Msaada mbali, funguo mbali

Hapa ndipo saa zetu nyingi zilipoishia.

GitHub ina ngazi inayoitwa Triage. Mwenye ngazi hii anabandika lebo, anafunga na kufungua viraka, anaita wahakiki, ila hawezi kuingiza hata mstari mmoja. Ndiyo unayoitaka. Tukaitafuta kwenye mipangilio, haipo. Kumbe hazina ya msimbo ikiwa chini ya akaunti ya mtu binafsi, ukimwongeza mwenzako anapata kuandika moja kwa moja, hakuna ngazi ya kati. Lazima uihamishie kwenye akaunti ya shirika, ambayo unaifungua bure.

Kabla ya kuhamisha, zingatia haya. Viungo vya zamani vitaelekezwa kwenye anwani mpya, lakini usiunde hazina nyingine yenye jina lilelile pale ulipotoka, utavikata. Tovuti ya github.io haielekezwi, kwa hiyo waambie watumiaji mapema. Na kama unachapisha PyPI (ghala la vifurushi vya Python) kwa njia ya Trusted Publishing, ambapo PyPI inaiamini hazina yako ya GitHub bila nywila, jina la mmiliki limeandikwa kule pia. Usipolibadilisha, toleo linalofuata litakataliwa.

Kwa nini usumbuke hivyo? Kwa sababu ya xz, programu huria ya kubana faili. Mwaka 2022 Lasse Collin, aliyekuwa akiitunza peke yake, alibanwa na akaunti ambazo hadi leo hakuna anayezijua: viraka vinachelewa, mpe mtu mwingine. Akajibu kwamba ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo, na kwamba afya yake ya akili imekuwa ikimsumbua. Aliyekuwa tayari "kusaidia" alijiita Jia Tan, na viraka vyake vya mwanzo vilikuwa vya kawaida tu. Akapewa ruhusa. Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0 likiwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua Machi kwa sababu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kulichelewa kama nusu sekunde.

Kwa hiyo wingi wa viraka vya mtu haunishawishi. Naangalia amehakiki vipi kazi za wengine, na anapokea vipi neno "hapana". Wakitokea watu wasiojulikana kumpigia debe, namwacha kwenye Triage.

Siku ukimpa kuandika, lifunge tawi kuu: kila kiraka kiidhinishwe na mtu mwingine, na kanuni ikubane hata wewe mwenye mradi. Ila mkiwa wawili tu, kumbuka GitHub haikubali mtu aidhinishe kiraka chake mwenyewe. Mwenzako akisafiri, umekwama. Ukiwa peke yako, dai majaribio yapite tu, basi.

Hatua ya 4: Linganisha kifurushi na Git

Sehemu ya kuuamsha mlango wa xz ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo, lile faili lililobanwa wanalopakua watumiaji, haikuwa kwenye Git. Kwa hiyo:

`mkdir /tmp/a /tmp/b`
`git archive v1.4.0 | tar -x -C /tmp/a`
`tar -xzf kifurushi.tar.gz -C /tmp/b --strip-components=1`
`diff -r /tmp/a /tmp/b`

PKG-INFO na egg-info zikitokea, ni kawaida, huzalishwa wakati wa kufungasha. Faili jingine lolote liwe na maelezo. Na faili za majaribio zisizosomeka kwa macho, za xz zilibeba sumu yenyewe, zikatae mpaka mwandishi alete skripti inayozizalisha.

Hatua ya 5: Kung'atuka

Aliyepotea kwa mwaka, mrudishe kwenye kusoma tu. Akirudi utamrudishia.

Wewe ukichoka, usimkabidhi mgeni. Mwaka 2018 mwenye event-stream, maktaba ya JavaScript, alimwachia mtu aliyejitolea kwa barua pepe, na ndani yake kikapenyezwa kifurushi cha kuiba bitcoin kwenye pochi za Copay. Bofya Archive (hazina ibaki ya kusoma tu), andika kwenye README kwamba huutunzi tena, na anayetaka kuendelea afanye nakala yake kwa jina lake.