Jinsi ya Kudurusu Dhana Kuu za Biolojia ya Sekondari ya Juu

Wanafunzi wengi wa biolojia hudurusu kwa kusoma daftari upya kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, huku wakipigia mstari karibu kila sentensi. Njia hiyo hufariji kuliko inavyofundisha, kwa kuwa macho huyazoea maneno mapema kabla akili haijayaelewa. Lililo bora ni kufunga daftari, kuchukua karatasi tupu na kueleza mchakato mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kila hatua ukiipa sababu yake, kisha kufungua daftari na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine.

Anza na respiresheni ya seli, yaani jinsi seli inavyopata nishati kutoka kwenye chakula, maana ndiyo inayogusa mada nyingi kuliko nyingine. Chora mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati, iwe kubwa na ijaze nusu ya karatasi. Nje yake, katika saitoplazimu, andika glikolisisi, ambapo molekuli moja ya glukosi huvunjwa kuwa mbili za piruveti na seli hubaki na faida ya ATP 2, yaani molekuli zinazobeba nishati ya kutumiwa na seli. Ndani ya matriksi, yaani umajimaji wa ndani ya mitokondria, weka mzunguko wa Krebs, unaoendelea kuvunja kilichotokana na piruveti. Na kwenye utando wa ndani weka mnyororo wa kusafirisha elektroni. Hapo kwenye utando usiwe na haraka. Elektroni zinapopita kutoka protini moja hadi nyingine hutoa nishati inayosukuma protoni kutoka kwenye matriksi hadi kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili, na protoni hizo zinaporudi kupitia kimeng'enya maalumu, ATP hutengenezwa. Oksijeni huzipokea elektroni mwishoni, pamoja na protoni, na maji hutokea. Mwanabiokemia Peter Mitchell alipolitoa wazo hili la protoni mwaka 1961 wataalamu wengi hawakulikubali, lakini mwaka 1978 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake.

Sasa jiulize: utando huo ukivuja protoni, nini kitatokea? Elektroni zitaendelea kupita na oksijeni itaendelea kutumika, ila ATP itapungua na nishati itapotea kama joto. Ndivyo hasa mafuta ya kahawia ya mtoto mchanga yanavyoupasha mwili wake joto. Kwa maoni yangu, swali moja la namna hii hupima uelewa kuliko fasili kumi zilizokaririwa.

Ukishaielewa tofauti hii ya ukolezi, yaani wingi wa protoni au ioni, kati ya pande mbili za utando, utaikuta tena katika mada ambazo vitabu huzitenganisha kwa sura nyingi. Katika kloroplasti, sehemu ya seli ya mmea inayofanya usanisinuru, protoni hurundikwa ndani ya vifuko viitwavyo thailakoidi, na elektroni hutoka kwenye maji, ndiyo maana oksijeni ya usanisinuru hutokana na maji wala si na kaboni dayoksaidi. Katika neva, pampu ya utando hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na neva iliyotulia huwa na tofauti ya umeme ya takriban milivolti -70 kati ya ndani na nje. Ziandike mada hizi tatu kwenye karatasi moja.

Elimu ya urithi haisomwi kwa macho, hukokotolewa. Katika maswali ya Hardy na Weinberg, yaani ya kukadiria uwiano wa matoleo ya jeni (aleli) katika jamii, anza na watu wenye sifa fiche, kwa kuwa hao pekee ndio ambao jenotipu yao, yaani aleli walizo nazo, hujulikana kwa kuwatazama. Ikiwa ni mtu 1 kati ya 10,000, basi q², uwiano wa watu hao, ni 0.0001, q, uwiano wa aleli fiche, ni 0.01, p, uwiano wa aleli tawala, ni 0.99, na wabebaji (wenye aleli fiche moja tu), yaani 2pq, ni 0.0198, karibu mtu 1 kati ya 50. Wengi hukosea kwa kuichukua 0.0001 kama q. Mayosisi nayo, yaani mgawanyiko wa seli unaotoa mbegu za uzazi, ichore kwa rangi mbili, ili uone kwamba kromosomu za jozi moja hutengana katika mgawanyiko wa kwanza, na kromatidi, yaani nakala mbili za kila kromosomu, katika wa pili.

Fasili na majina ya sehemu yatengee dakika chache za jioni, hayahitaji zaidi.

Mwisho, fanyia kazi grafu za mitihani iliyopita. Katika grafu ya kasi ya usanisinuru dhidi ya mwanga, pale mstari unapopanda, mwanga ndio unaozuia kasi. Pale unapolala, kizuizi ni kitu kingine, kama vile halijoto au kaboni dayoksaidi. Usiishie kuandika kwamba mstari umepanda kisha ukalala, kwa sababu hayo ni maelezo ya umbo tu, na swali likisema "fafanua" alama hutolewa kwa sababu iliyotajwa.